IST imeanza kula mafuta: nianze na sensa, nozeli au ninunue kipimo?

KijanaWaMbezi
Wakuu, nina Toyota IST ya cc 1500, injini ya 1NZ. Ilikuwa inanipa kilomita 13 kwa lita, Mbezi hadi Posta na kurudi, foleni ikiwemo. Sasa inacheza kwenye 9. Njia ni ileile na taa ya injini haijawaka. Fundi mmoja anasema oksijeni sensa, ile inayopima hewa ya ekzosi, imechoka, anayo ya mtumba. Mwingine anataka kushusha nozeli, zile zinazopuliza mafuta kwenye injini, azisafishe, aoshe na throto, mlango wa hewa wa injini. Jamaa wa ofisini ananishauri ninunue kile kipimo cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kwenye simu. Mwezi huu nina hela ya kazi moja tu. Nianze na ipi?

Pwani_Tulivu
Hizo 9 umezipataje? Kama ni kwa kuangalia mshale wa dashibodi, hujapima bado. Jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, tembea wiki, kisha rudi sheli ileile, pampu ileile, ujaze tena hadi ijikate. Gawa kilomita kwa lita ulizoongeza. Na upepo wa matairi fuata kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, usimwachie kijana wa upepo akukadirie.

KijanaWaMbezi
Nimepima hivyohivyo mkuu, full kwa full. Upepo uko sawa.

MamaSafari
Mie kabla ya kununua chochote ningekagua breki. Yangu ilikuwa inanywa mafuta kumbe kalipa (kibanio cha breki) ya nyuma kushoto imeganda. Ukishatembea umbali wa kutosha, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, umempata mchawi. Au nyanyua gari kwa jeki, uzungushe tairi kwa mkono.

Fundi_Segerea
Nikulinganishie hizo kazi mbili ulizoambiwa.

Sensa ikichoka inachelewa kutoa taarifa, kompyuta inamimina mafuta mengi. Inatokea kweli, na wakati mwingine taa haiwaki. Lakini sensa ya mtumba usinunue kabisa: hujui imetembea kiasi gani, unaweza kutoa mbovu ukaweka mbovu. Nozeli chafu kwa kawaida huja na dalili zake: gari inatetemeka ikiwa imesimama, inakosa nguvu mlimani. Wewe hujataja hata moja.

Fungua plagi uziangalie pale mdomoni. Zikiwa na rangi ya kahawia iliyofifia, uchomaji ni mzuri. Zikiwa na masizi meusi makavu yanayobaki kidoleni, mafuta yanazidi. Halafu nijibu: gari hii imewahi kuchemsha?

KijanaWaMbezi
Plagi zote nne zina masizi makavu. Na ndiyo, ilichemsha mwezi wa tatu, nikaipeleka gereji moja, haijachemsha tena. Sasa nikikumbuka, mafuta yameanza kuisha haraka baada ya hapo.

Fundi_Segerea
Basi mimi namshuku aliyetibu kuchemsha. Mafundi wengi gari ikichemsha wanatoa themostati wanaitupa, wanakwambia nchi yetu ya joto haiihitaji. Inaihitaji sana! Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto lake. Ya 1NZ hufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, injini inabaki baridi, na kompyuta ikiona baridi inaongeza mafuta kama vile ndiyo kwanza umewasha gari asubuhi. Hapo hata ukiweka sensa mpya ya dukani haitakusaidia kitu.

Kwa hiyo hela yako nunua kipimo. Ni bei ndogo kuliko sensa, na kitakufaa miaka. Soma joto la maji ukiwa barabara iliyonyooka, siyo kwenye foleni, maana kwenye foleni injini hupata joto hata bila themostati ukadanganyika.

Mzee_Wa_Premio
Kwa heshima fundi, gari ikishavuka kilomita laki mbili mimi sensa ya mbele nabadilisha bila kuuliza. Yangu ilirudi kwenye hali yake siku ileile.

Fundi_Segerea
Sikatai mzee wangu, na ikifika zamu yake atabadilisha. Ila sensa huwezi kuihukumu injini ikiwa baridi. Joto kwanza.

KijanaWaMbezi
Nimechomeka kipimo leo nikielekea Kibaha. Kwenye foleni ya Kimara ilisoma 86. Barabara ilipofunguka ikashuka hadi 67 na ikakaa hapohapo.

Fundi_Segerea
Themostati haimo, au ipo imekwama wazi. Nunua mpya na ringi yake ya mpira. Ukifunga, tundu dogo la pumzi likae juu. Jaza kulanti (maji maalumu ya rejeta), siyo maji ya bomba, washa injini mfuniko wa rejeta ukiwa wazi hadi mapovu yaishe na feni iwake. Na kabla hujamlipa fundi, hakikisha amekagua feni, pampu ya maji na rejeta yenyewe, kwa sababu kilichoichemsha mwezi wa tatu bado hakijajulikana.

MamaSafari
Na breki ukague, KijanaWaMbezi. Ni bure.