Mwaka wa sanaa Bagamoyo: wananchi tumeitwa kusaini mahudhurio tu, maamuzi yalishafanywa

Wakuu, heshima zenu. Nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Mimi ni mpiga ngoma, mkazi wa Dunda hapa Bagamoyo. Mji wetu unaandaliwa mwaka mzima wa sanaa na utamaduni, na kila anayeshika maiki anarudia kwamba mwaka huu ni wa wananchi na unaongozwa na wananchi. Si kweli. Nawaeleza nilichokiona kwa macho yangu.

Tulitangaziwa mkutano wa kutoa maoni. Ukifika mlangoni unakutana na daftari: jina, mtaa, namba ya simu, sahihi. Tukasaini wote, wavuvi, kinamama wa vikoba, mafundi wa kuchonga, wazee wa ngoma. Tukakaa. Mratibu akawasha projekta, na ratiba ikatokea ukutani ikiwa imeshakamilika, mwezi kwa mwezi: jukwaa litakaa wapi, msanii gani wa Dar atafunga usiku wa ufunguzi, mpaka rangi ya fulana. Mzee mmoja akanyoosha mkono kuuliza vikundi vya mitaani vimepangwa wapi. Akajibiwa muda umebana, mwenye maoni ayaandike kwenye karatasi. Karatasi zenyewe hazikutosha hata nusu ya watu. Tukapigwa picha ya pamoja, tukapewa soda na sambusa, kwaherini.

Baadaye nikaonyeshwa andiko la kuombea fedha kwa wafadhili. Daftari letu limeambatishwa nyuma kabisa kama ushahidi kwamba jamii imeshirikishwa kikamilifu. Sahihi yangu imo! Nilisaini kwamba nimefika, sikusaini kwamba nimekubali. Hawa watu wamechukua majina yetu wakaenda kuyaombea hela.

Na msiniambie ndivyo mambo yanavyokwenda. Tanzania iliridhia mwaka 2011 ule Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kuhifadhi urithi wa utamaduni usioshikika. Kifungu cha 15 kinazitaka nchi zijitahidi kuhakikisha ushiriki mpana wa jamii zinazouunda urithi huo, kuutunza na kuurithisha, na kuzihusisha katika kuusimamia. Kuusimamia, wakuu! Kukaa kwenye kiti cha plastiki ukitazama ratiba ya mwenzio si usimamizi.

Sasa tuje kwenye ngoma zenyewe, maana hapa ndipo damu inaponichemka. Mdundiko umewekewa dakika saba jukwaani. Nani aliyewaambia mdundiko unachezewa jukwaani? Mdundiko ni ngoma ya Wazaramo ya kutembea. Unaanzia nyumbani kwa mwenye shughuli, mwali katoka ndani, unapita mitaani, watu wanaunga nyuma mmoja mmoja, kina mama na khanga zao, watoto, mpaka barabara yote inajaa. Hapo ndipo utamu wake ulipo. Ukiupandisha kwenye mbao ukauwekea uzio, waliotakiwa kucheza unawageuza watazamaji. Tungeulizwa tungewaambia: tupeni njia, tuanzie Magomeni yetu ya hapa Bagamoyo tushuke hadi soko la samaki, jukwaa lenu baki nalo.

Halafu kuna suala la moto. Pwani hii hewa ina unyevu na ngozi ya ngoma inalegea. Kabla ya kupiga lazima uwashe moto wa makuti, uzungushe ngoma zako, vumi na chapuo, taratibu, unagonga unasikiliza, unarudisha tena mpaka sauti ikae. Bila hivyo ngoma inatoa sauti kama gunia. Kanuni za jukwaa zinasema hakuna moto eneo lote la shughuli. Nimeomba tutengewe kona ya mchangani karibu na maji, na ndoo za mchanga pembeni. Sijajibiwa mpaka leo. Wageni watasikia ngoma iliyolegea na kuondoka wakidhani ndivyo tunavyopiga.

Malipo ndiyo kabisa. Wasanii wakubwa wana mikataba, na nusu ya hela wanapokea kabla hawajapanda gari. Sisi tunaambiwa hii ni fursa ya kujitangaza. Kujitangaza kwa nani, kwenye mji tuliozaliwa? Ngozi ya kuwambia tunanunua, nauli za wachezaji tunalipa, siku ya mazoezi mvuvi haendi baharini na nyumbani kwake wanataka kula. Ukisema tukope halmashauri, ile mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ni ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mzee wa miaka sabini anayejua nyimbo ambazo hakuna mwingine anazijua hana mlango wa kugonga.

Mji huu una chuo cha sanaa tangu 1981, ambacho sasa ndicho TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mwanamuziki Hukwe Zawose alitoka Ugogoni na ala zake, zeze na ilimba, akaweka makazi hapa, akasikilizwa Ulaya na Marekani mpaka alipofariki mwaka 2003, na ukoo wake bado unapiga muziki. Wachongaji tunao, wachoraji tunao, walimu wa jukwaa tunao. Halafu watu wa kuandika ratiba na kuongoza wageni kwenye maeneo yetu ya kihistoria ya Kaole na Caravan Serai waje na basi kutoka Dar! Vijana wetu waliofundishwa kuongoza watalii wamepewa kazi ya kupanga viti.

Ninachodai hakihitaji semina. Ratiba ifunguliwe upya, na kila mtaa uchague wenyewe wajumbe wawili wenye kura kwenye kamati. Vikundi vya hapa viwe na mkataba wa maandishi, na malipo ya awali kama wanayopewa hao wa Dar. Majina yetu yaondolewe kwenye lile andiko mpaka tutakapokuwa tumeshirikishwa kweli.

Nimeongea na vikundi vingine vitatu na tumekubaliana: hatupandi jukwaani bila karatasi ya mkataba. Kama ulikuwepo kwenye ule mkutano ukasaini, andika hapa chini mtaa wako tu, jina usiweke. Na mwenye nakala ya bajeti aiweke tuione wote.