Naomba ushauri: jiko la makopo linafuka moshi nikibandika sufuria

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa majiko ya kujitengenezea.

Nimeunda jiko la vijiti kwa makopo mawili ya maziwa ya unga, dogo ndani ya kubwa. Ni la kubeba nikienda kupiga kambi milima ya Uluguru, na la akiba gesi ikiisha usiku. Kopo la nje lina matundu pembeni kwa chini. La ndani limetobolewa kitako, na karibu na ukingo wa juu kuna mstari wa matundu ili hewa iliyopata moto kati ya makopo itokee hapo na kuunguza moshi.

Nikiwasha kwa juu linakubali vizuri: miali inatoka kwenye matundu kama jiko la gesi. Nikibandika sufuria tu, moto unasinyaa, moshi mzito unaanza na masizi yanapanda hadi kwenye mfuniko. Nimeinua sufuria kwa misumari, kama sentimita 3, nafuu ni ndogo. Kuni ni kavu. Nimejaribu na vifuu vya nazi, yale yale, ingawa moto wake unadumu kweli.

Je, niongeze matundu ya chini kwenye kopo la nje, au nipanue yale ya juu ya kopo la ndani?

Pili, kopo la ndani limeanza kuliwa na moto. Fundi ananiambia niweke bati la kuezekea, lakini lile lina zinki, na mvuke wake kwenye moto mkali ni sumu. Nyie mnatumia nini kinachopatikana kwa wauza vyuma chakavu?