Naomba ushauri: nimefeli TEAS mara mbili, Kiingereza ndo kinaniangusha

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa, hasa mlio Marekani kwenye unesi. Mimi niko Ohio mwaka wa nne, nafanya kazi ya CNA (msaidizi wa manesi) nyumba ya wazee na nataka niingie shule ya unesi, ila huu mtihani wa kuingilia, TEAS, umenishinda. Shule wanataka 65, mara ya kwanza nilipata 54, ya pili 59.

Hesabu na sayansi nashukuru Mungu, bailojia ya form four bado ipo kichwani. Kinachoniua ni ile sehemu ya kusoma, maswali 45 dakika 55, mimi aya moja mpaka niirudie mara mbili ndo naielewa, nikija kushtuka muda umeisha na maswali kama kumi sijagusa naanza kubahatisha tu. Grama nayo maswali 37 dakika 37! Muda wa ziada niliomba, nikajibiwa kutojua lugha sio ulemavu.

Nimeshajaribu app ya mazoezi, video za YouTube na kukariri misamiati, lakini nikitoka shifti ya usiku kichwa hakishiki kitu.

Nimebakiza nafasi moja mwaka huu. Mliofaulu na Kiingereza cha ukubwani, mlifanyaje kuongeza spidi ya kusoma? Na je, bora nisubiri nisome kwanza darasa la Kiingereza muhula mmoja, au niombe LPN (unesi wa ngazi ya chini) halafu nivuke kwenda RN (nesi kamili aliyesajiliwa) baadaye?