Kompyuta ya Kitinda, tumalize leo

Dada Mkubwa: Habari za asubuhi wote. Muuzaji katushikia zile mbili mpaka saa kumi jioni. A ina spidi ya GHz 4.7 na kashe ya L3 (ile kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) MB 32, B ina GHz 4.5 na MB 96. Zote viini 8. Mnasemaje?

Dada Mkubwa: Naona tiki za bluu tu 👀

Kitinda: B dada 🙏

Mjomba: 4.7 si ndo kubwa? chukua A tuendelee

Shemeji: Mjomba GHz peke yake haitoshi, prosesa ikikosa data kwenye kashe inaifuata RAM, kumbukumbu kuu iliyo nje ya prosesa, na huko inasubiri mizunguko (midundo ya saa ya prosesa) kama mia mbili au zaidi, wakati kashe zina ngazi, L1 iliyo karibu kabisa inajibu kwa 4 au 5 hivi, L2 kama 14, L3 arobaini na kitu

Mjomba: Shemeji siku ya kuhama alihesabu mpaka vijiko 😂😂

Mama Mdogo: Na kimoja kilipungua, nikasema nikaambiwa nina maneno

Dada Mkubwa: Vijiko baadaye jamani!!

Shangazi: Sasa kama kashe ni nzuri hivyo si waweke gigabaiti nzima huko ndani

Shemeji: Inakula nafasi kwenye chipu Shangazi, na ikiwa kubwa inachelewa kujibu. Ndo maana L1 mara nyingi wanaiacha KB 32 au 48 tu kwa kila kiini

Kaka: Na ile kompyuta ya kwanza aliichagua nani? Nilichanga nusu, sikuulizwa, ikaja inakwama hata kufungua faili

Dada Mkubwa: Kaka hayo tulishayamaliza

Kaka: Mliyamaliza nyie.

Babu: Wanangu, nimewasoma tangu asubuhi. Mwaka 1998 ilitoka Celeron, prosesa ya bei nafuu ya Intel, isiyo na kashe ya L2 kabisa, ikawa nzito. Mwaka huohuo ikaja Celeron 300A, KB 128 tu, lakini kashe yake inakwenda spidi moja na prosesa. Pentium II, kaka yake wa bei kubwa, ilikuwa na KB 512 kwa nusu ya spidi, na ile ndogo iliisogelea sana. Msitazame ukubwa tu, ulizeni kijana anafanyia kazi gani. Na huyo kaka yenu aombwe radhi.

Mjomba: Sawa mzee

Shemeji: Shikamoo Babu. Kitinda, ya kazi gani hasa?

Kitinda: gemu, na kuhariri video

Shemeji: Gemu nyingi zinarudia data ileile, MB 96 inaishikilia humohumo kwa hiyo B inashinda. Video data inapita tu inaenda zake, hapo A inaweza kutangulia kidogo

Dada Mkubwa: Haya basi B? Kaka nisamehe kwa ile, nakupigia sasa hivi. Na michango bado jamani

Ba Mdogo: Nilikuwa safarini, ndo naona. Tumechukua ipi?

Kitinda: dada??

Dada Mkubwa: Muuzaji kaongeza mpaka kesho. Kaka hapokei simu