BARUA YANGU YA KUPINGA SHERIA YA MKOLONI IKO CHINI YA MGUU WA MEZA

Kidole_Juu: Wakuu, natetemeka, nisameheni nikikosea herufi. Nimetoka sasa hivi kwa YULE BWANA, karani wa ofisi ya serikali. Wa Mombasa mnamjua. Dirisha la pili, kalamu sikioni, na hakuna aliyewahi kumwona akiiandikia tangu Uhuru.

Nimempelekea barua ya kurasa 7. Nimeikesha wiki mbili. Nimeeleza kwamba Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, ni ya 1950, Mwingereza aliitunga mwaka uleule Nairobi ilipogoma baada ya Makhan Singh na Fred Kubai kukamatwa. Nimeeleza kwamba hadi leo ukitaka kuandamana, polisi wapate ilani siku 3 kabla, zisizidi 14, na ikifika saa kumi na mbili jioni mrudi bandani kama kuku. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010, kile cha haki ya kuandamana, nimekinakili chote kwa mkono.

Akasoma anwani. Anwani tu! Akaikunja mara nne, akainama, akaisukuma chini ya mguu wa meza.

Mbele yangu. Nimesimama hapo, nina macho, naona.

Akaitikisa meza, akaniangalia: "Bado inacheza kidogo. Huna kurasa nyingine?"

Mla Mbaazi: Sheria ni ya utulivu, meza imetulia. Unalalamikia nini?

Bint Kibokoni: Afadhali barua yako imepata kazi. Mimi nilipeleka ilani kituoni, afande akanituma nikalete kibali. Nikamwambia afande, kibali kiliondolewa 1997, siku hizi ni ilani tu. Akasema, "Basi lete kibali cha kuonyesha huhitaji kibali."

Kidole_Juu: Pole dada, lakini ALIINAMA. Kitambi kile kimeinama! Mtu ambaye kikombe cha chai huletewa mpaka mdomoni!

Wa Tanga: Siku 3 ndiyo mnalia? Huku kwetu ni saa 48, na bado kuanzia 2016 hadi Januari 2023 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa na sheria ikiwepo palepale. Sisi hata meza ya kulalamikia hatukuiona.

Bint Kibokoni: Saa 48 ni siku 2, shekhe. Mmetushinda.

Wa Tanga: Hesabu zenu za Kenya zina kodi ndani yake, mimi simo.

Chaza: Ndiyo maana 2025 ukaja ule mswada wa kutuweka mita 100 kutoka Bungeni na mahakamani. Mkuu, wewe ulikuwa mita ngapi kutoka kwenye meza?

Kidole_Juu: Nusu mita. Niliona mpaka vumbi likiingia kwenye ukurasa wa kwanza, pale nilipoandika "kwa heshima na taadhima".

Kobe Mpole: Swali dogo. Alipokuuliza kama una kurasa nyingine, ulimjibuje?

Kidole_Juu: Nilikuwa na nakala kwenye bahasha.

Kobe Mpole: Ehe?

Kidole_Juu: Haichezi tena.

Mla Mbaazi: 😂😂😂 Uwiii! Mpinga ukoloni kamkabidhi mkoloni na nakala!

Bint Kibokoni: Na shukrani ulimpa?

Kidole_Juu: Alisema asante yeye kwanza. Ningefanyaje? Jamani mnakwepa mada. ALIKUNJA MARA NNE.

Fundi Mvita: Meza ile naijua. Ilikatika kipande cha mguu walipoiteremsha kutoka ghorofani. Niliwapa bei ya kuitengeneza, wakasema bajeti hakuna. Na pesa zangu za madirisha hawajanilipa mpaka leo, mwaka wa tatu huu. Tusiongee.

Chaza: Madirisha?! Mimi wananidai kodi ya kibanda kilichobomolewa na wao wenyewe.

Kidole_Juu: Wakuu, tunaweza kurudi kwenye barua?

Wa Tanga: Fundi, kabati la vyombo la milango miwili unafanya kwa ngapi? Nina mninga wangu mwenyewe.

Fundi Mvita: Mninga mkavu au mbichi?