Re: Kuhamisha hisa kwenda kwa dalali mwingine, kodi inakuwaje?

> Habari zenu. Nina hisa kwa dalali mmoja hapa Marekani, nataka kuzipeleka kwa mwingine mwenye ada nafuu. Je, watu wa kodi wa hapa, IRS, watahesabu nimeuza? Na mwakani nijaze nini?

Salaam ndugu,

Hujauza. Hisa zikihama zilivyo, bila kugeuzwa fedha, na akaunti zote mbili ni za jina lako, hakuna faida wala hasara ya kutangaza. Fomu 8949, ile ya kutangaza mauzo ya hisa, huigusi. Omba uhamisho kwa dalali mpya, si kwa huyo unayemkimbia. Mpya ndiye atakayezivuta kupitia ACATS, mfumo wa madalali wa kuhamishiana akaunti.

Ila kagua bei ya kununulia. Dalali wa zamani analazimika kumpa mwenzake bei na tarehe ndani ya siku 15 baada ya uhamisho kukamilika, lakini sharti hilo linahusu hisa za kampuni zilizonunuliwa kuanzia 2011, na mifuko ya uwekezaji wa pamoja kuanzia 2012. Kama una za zamani zaidi, kumbukumbu ni juu yako. Tuseme ulinunua hisa 40 kwa dola 50 kila moja, ukaja kuziuza kwa dola 80: faida ni dola 1,200. Ukishindwa kuthibitisha ulinunua kwa bei gani, IRS wanaweza kuihesabu bei hiyo kuwa sifuri, na faida ikasomeka dola 3,200. Kwa hiyo pakua taarifa zote, hadi za mwezi wa kwanza kabisa, kabla hujafunga akaunti. Zikishafika upande wa pili, fungua hisa mojamoja uone bei na tarehe zimefika. Nafasi tupu ukiikuta, lalamika wiki hiyohiyo.

Kuna na hisa zisizo kamili. Kwa kawaida ACATS haizibebi. Ukiwa na hisa 40.6, zile 40 zinahama, hiyo 0.6 inauzwa, na kwa mauzo hayo kwa kawaida utaletewa Fomu 1099-B, taarifa ya mauzo kutoka kwa dalali. Hata kama ni dola chache, itangaze, maana fomu ikitoka, IRS nao wanapata nakala.

Magawio ya mwaka huo yatakuja kwenye Fomu 1099-DIV mbili, kila dalali kwa miezi yake. Usijaze ritani ya kodi ukiwa na moja mkononi.

> Ahsante sana. Na nikizihamishia kwa mke wangu?

Hiyo sasa ni zawadi, hesabu yake ni nyingine. Mke akiwa raia wa Marekani, hakuna kikomo, naye anarithi bei yako ya kununulia. Asipokuwa raia, hata kama ana green card, kuna ukomo wa mwaka. Kwa 2025 ulikuwa dola 190,000. Ukivuka hapo unajaza Fomu 709, ya kodi ya zawadi. Na kama mke yuko nyumbani na hana ukaazi wa kikodi huku, muone mhasibu kabla ya kuhamisha chochote.