Kuhifadhi nyanya za Agosti kwa ajili ya tambi za majira ya baridi

Dada wa Bari aliuliza:

Wanajamvi, salaam. Ninaishi Bari, kusini mwa Italia, na kila Agosti, nyanya zinaposhuka bei, naona majirani wakinunua makreti kadhaa, wakizikamua na kujaza rojo lake katika chupa ambazo watapikia tambi mpaka msimu mwingine ufike. Ningependa kufanya hivyo mwaka huu, ila mimi nimezoea mchuzi wa kwetu Tanga unaoanza kwa kukaanga vitunguu na saumu. Je, nipike mchuzi kamili ndipo niuhifadhi, au nihifadhi nyanya tupu? Na chupa zichemke kwa muda gani ili nisije nikawalisha wanangu sumu?

Jikoni Napoli alijibu:

Hifadhi nyanya tupu, dada yangu. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum hutengeneza sumu yake mahali pasipo na hewa wala asidi ya kutosha, na mpaka wa usalama ni pH 4.6 (pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi huzidi), kwani chini ya hapo hawezi kustawi. Nyanya zilizoiva ziko karibu sana na mpaka huo, na nyingine huuvuka. Ukiongeza vitunguu na saumu, ambavyo asidi yake ni ndogo, unausogeza mchuzi upande wa hatari. Usidhani kuwa moto utakuokoa, maana spora zake, yaani chembe ngumu anazozaliana kwazo, hustahimili maji yanayochemka, na ndiyo sababu viwanda hutumia mitambo ya mvuke wenye shinikizo inayofikia nyuzi 121. Kwa hiyo tia vijiko vikubwa 2 vya maji ya limau ya chupa katika kila lita ya rojo, kwa kuwa asidi yake haibadilikibadiliki kama ya limau la sokoni. Vitunguu vyako vikaange siku ya kupika.

Mkulima wa Foggia alijibu:

Naunga mkono. Chagua nyanya ndefu zenye nyama nyingi na mbegu chache, mfano San Marzano, kwa sababu zile za mviringo zilizojaa maji zitakuchosha jikoni kabla rojo halijawa zito. Zichemshe kidogo, uzichuje maji, kisha uzipitishe kwenye mashine ya mkono inayotenga maganda na mbegu. Chupa za lita moja zilizofunikwa vizuri zipangwe katika sufuria kubwa, matambara yakitenganisha moja na nyingine zisigongane, maji yazifunike kabisa, nawe uhesabu dakika 40 kuanzia yanapochemka. Asubuhi kagua mifuniko: ule unaobonyea na kurudi juu haukushika, na chupa hiyo ipikwe siku hiyo hiyo.

Mzee wa Mboga alijibu:

Ningeongeza kwamba si lazima kila sahani ya majira ya baridi iwe nyekundu. Hapo Bari penyewe, baridi ikiingia, watu hula orecchiette, zile tambi ndogo zilizobonyea katikati, pamoja na cime di rapa, mboga chungu ya majani inayochemshwa katika sufuria moja na tambi, kisha ikachanganywa na mafuta ya zeituni, saumu, pilipili na dagaa wa chumvi. Nako kwenye mlima Vesuvius, karibu na Napoli, kuna nyanya ndogo za piennolo, ambazo hufungwa vichala na kutundikwa mahali penye hewa, zikakaa miezi kadhaa bila kupikwa wala kutiwa chupani. Kwa maoni yangu, chupa chache zilizofanywa vizuri zinatosha.

Dada wa Bari:

Ahsanteni sana. Vipi kuhusu saumu na rehani ndani ya mafuta ya zeituni? Nimeona watu wakiviweka kabatini.

Jikoni Napoli alijibu:

Hiyo usiiweke kabatini kabisa. Mafuta huzuia hewa na hayana asidi, hivyo saumu mbichi ndani yake ni hatari kuliko hata mchuzi uliouliza mwanzo. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji, na umalize ndani ya siku chache. Rehani ichume mbichi, uikatie juu ya tambi wakati wa kupakua.